Kabla Hujanunua Chuma, Kaa Chini Unyanyuke

"Ikiwa naweza kutembea na ndoo ya lita ishirini kichwani kutoka kisimani mpaka nyumbani bila kuishika, kwa nini siwezi kunyanyuka mwenyewe kutoka kwenye mkeka?"

Swali hilo aliniuliza Bibi Mwajabu wa Sindeni, akiwa ameketi kwenye benchi la kunyanyulia vyuma nje ya karakana yetu pale Korogwe, mkoba wake magotini. Nilikuwa na shahada ya fizikia na hisabati. Nilikuwa nimesoma uzito, nikasoma wenzo, nikafanya mitihani yake na nikafaulu. Basi nikafanya wanachofanya wasomi wengi wakikosa jibu: nilimuuzia kitu.

Nitarudi kwake. Kwanza nyinyi.

Mmeniandikia wengi mkiuliza mnunue nini kwa ajili ya mazoezi ya nyumbani. Mmoja ana chumba kimoja Manundu. Mwingine ana ua mpana Handeni mjini. Mwingine yuko Kerenge na ana banda tupu, kuku wake wote wamekufa kwa kideri. Wote mnanitumia picha zilezile za mashine zilezile zinazong'aa mlizoziona kwenye simu, na swali lenu ni moja: ipi nzuri? Hilo si swali. Nzuri kwa kufanya nini? Mkishindwa kujibu hapo, rudisheni simu mfukoni, maana mtauziwa kama nilivyomuuzia Bibi Mwajabu.

Watu hucheka nikisema nimestaafu, kwa sababu sijafika hata miaka arobaini. Wacheke. Nimetengeneza vyuma vya mazoezi kwa miaka kumi na mmoja, na miwili ya kwanza nilichomelea nikiwa nimevaa miwani ya jua niliyoinunua mnadani. Kila fundi aliyenizunguka alifanya hivyo. Mimi ninayehoji kila kitu, niliyewahi kutolewa darasani kwa kumuuliza mwalimu amejuaje, hilo sikulihoji. Miwani ilinipendeza. Mwisho daktari wa macho aliniambia nichague kati ya kuchomelea na kusoma, nikachagua kusoma. Ndiyo maana leo nawaandikia badala ya kuwatengenezea. Somo la kwanza ni hilo, na halina uhusiano na misuli: ngao ya usoni kwanza, chuma baadaye.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Athumani, Msambaa wa Lutindi, mfupi, mwenye vidole vinene kama mihogo michanga. Kazi yake ilikuwa mageti na madirisha. Nilikwenda kwake baada ya kukaa miaka miwili nikisubiri ajira ya ualimu.

"Binti, huko chuo wamekufundisha kuchomelea?"

"Hapana, fundi."

"Wamekufundisha nini?"

"Kuhoji."

"Basi ihoji hiyo grainda ya kukatia vyuma kwa nini haiwaki."

Niliifungua. Kaboni zake, vile vipande vinavyoingiza umeme kwenye mota, zilikuwa zimelika mpaka mwisho. Nilikwenda dukani, nikabadilisha, ikawaka, na jioni ile aliniambia nije kesho na viatu vilivyofunika vidole. Hakuniambia nimeajiriwa. Hajaniambia mpaka leo.

Vyuma vya mazoezi tulivianza kwa sababu vijana wa mpira waliviomba, na tulivianza vibaya. Vijana wa Kerenge waliagiza makopo ya zege, jozi nne. Kopo la rangi la lita nne ukilijaza zege hukaribia kilo kumi. Nilikokotoa kwenye karatasi, nikaandika "10" kwa rangi nyekundu juu ya kila kopo, nikajiona nimemaliza. Baada ya mwezi nahodha wao akaja, bega moja juu, moja chini.

"Dada, mkono wangu wa kulia umekuwa mvivu."

Tulibeba makopo mpaka duka la mahindi, tukayapanga kwenye mizani. La kulia lilikuwa zito kuliko la kushoto kwa zaidi ya kilo moja. Nililijaza mwanzo wa mchanganyiko, kokoto zote zikaingia humo, lile la mwisho likapata mchanga na maji. Mwenye mizani aliniuliza kama siku hizi nasaga saruji. Nilicheka naye, lakini usiku sikucheka: kijana wa watu alikuwa amejilaumu mwezi mzima kwa uvivu ambao ulikuwa wangu.

Kwa hiyo msiamini namba iliyoandikwa kwenye chuma, hata kama niliiandika mimi. Pimeni kila kipande. Huna mizani? Tafuta fimbo iliyonyooka, ifunge kamba katikati, uining'inize. Upande mmoja weka chuma chako, upande wa pili, kwa umbali uleule, dumu la maji. Ongeza maji mpaka fimbo ilale sawa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na dumu lenyewe tupu nalo lina uzito wake mdogo, usilisahau. Muuzaji anaweza kukudanganya. Maji hayawezi.

Kuna baba mmoja wa Hale aliyetuita tukamfungie mashine kubwa aliyoiagiza mbali, yenye kiti, kamba, roda na ngazi ya vyuma nyuma yake. Tuliifunga siku nzima. Ilikuwa nzuri kama kitanda cha harusi. Miezi sita baadaye alituita tena: kamba imekatika. Ilikuwa kamba ya waya uliosokotwa, kichwa chake kimebanwa kiwandani, na hapakuwa na duka kuanzia pale mpaka Tanga lenye kamba ya kipimo kile. Mara ya mwisho nilipopita mkewe alikuwa ameanika mashuka juu yake.

"Inakausha vizuri," aliniambia. "Haishiki kutu."

Sisemi msinunue mashine yenye kamba. Nasema kabla ya kulipa, muulize muuzaji: hii ikikatika, nani ataniuzia nyingine? Akianza kukuambia haikatiki, ondoka.

Benchi je? Fundi Athumani alikuwa na kipimo chake. Alikuwa akikaa kwenye ncha kabisa, nusu ya kiti, kama mgeni aliyechelewa kwenye shughuli. Likibinuka yeye akiwa amekaa, alilirudisha kwa fundi aliyelichomelea, hata kama fundi huyo alikuwa mimi. Na fimbo ya kunyanyulia uzito, msikubali bomba jembamba la maji. Ilaze juu ya mawe mawili, watu wawili waikandamize katikati kwa uzito wao. Ikibaki imepinda baada ya kuiachia, itumieni kuanikia nguo.

Hayo yote ni kweli na nayasimamia. Lakini nilipokuwa nimeyajua yote hayo bado nilimuuzia Bibi Mwajabu kitu kisichomfaa. Sikilizeni sasa.

Alikuja kwa bodaboda saa nne asubuhi, akakung'uta vumbi kwenye kanga, akakataa mkono wa dereva na kujishikilia kwenye nguzo yetu ya umeme.

"Karibu, Bibi. Shikamoo," Fundi Athumani akasema. "Ni geti au dirisha?"

"Marahaba. Chuma."

"Chuma cha nini?"

"Cha hawa." Alionyesha kwa kidevu vijana wawili waliokuwa wakijaribu vyuma vyetu. "Cha mazoezi."

"Cha mjukuu?"

"Mjukuu yuko shuleni. Changu."

Mmoja wa vijana akacheka. "Bibi anataka ubaunsa."

"Kwani hapo mlangoni kwenu kuna nafasi ya kazi?" akamjibu, na kijana akaweka chuma chini taratibu.

Kisha akaeleza, hakuficha kitu, au ndivyo nilivyodhani. Mwanawe wa mwisho, Hassani, ana duka la vipuri vya pikipiki hapohapo Korogwe. Siku ya Idi alikwenda Sindeni, akamkuta mama yake anasali kwenye kiti, na baada ya chakula akaona watu wawili wakimvuta kutoka mkekani. Akaamua palepale. Mahindi yakishavunwa, mama atahamia kwake mjini. Nyumba itapangishwa, shamba atapewa mtu alime.

"Si chumba kibaya," alisema. "Nimekiona. Kina feni. Ila hakina mlango wangu mwenyewe."

"Na wewe umemwambiaje?" nikauliza.

"Nimemwambia nikinyanyuka mkekani mbele yake, sijashika mtu wala kitu, asiniulize tena habari ya kuhama. Amekubali upesi. Anajua siwezi."

Fundi Athumani alijaribu kumtuliza. "Lakini Bibi, kusali kwenye kiti kunaruhusiwa."

"Najua kunaruhusiwa. Sikuja hapa kuomba ruhusa."

Hapo ndipo alipogeuka kwangu na kuuliza lile swali la ndoo. Habari za ndoo ile alinieleza mwenyewe. Kila siku aliibeba, wakati mwingine mara mbili, mgongo wima, mikono inaning'inia. Mtu anayebeba kilo ishirini kichwani si dhaifu. Kwenye karatasi yangu ya hesabu miguu ile ilikuwa na nguvu ya kutosha na ziada. Sasa mbona?

Nilimuuzia benchi, fimbo fupi na makopo madogo ya zege yaliyopimwa barabara. Vyote nilikuwa nimeviona kwenye video za watu wenye sauti ya uhakika. Tulilifunga benchi nyuma ya bodaboda kwa mpira, likaondoka miguu juu kama mbuzi wa sadaka, na mimi nikarudi kazini nimeridhika.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumtazama. Nilimkuta barazani amelala chali kwenye benchi, ushungi umekazwa, anasukuma fimbo juu na kuihesabia kwa sauti. Jirani yake, Mama Rehema, mwanamke wa makamo mwenye nguvu na maneno, alikuwa amekaa karibu anachambua mchicha. Bibi alipofika kumi alirudisha fimbo mahali pake, kisha akanyoosha mkono, na Mama Rehema akamvuta akainuka.

Walikuwa hawajaona kasoro yoyote katika kuvutwa huko.

"Mwanangu, mikono imekuwa ya mwanajeshi," Bibi aliniambia. "Miguu bado iko wodini."

Tulijaribu mkeka. Hakuweza. Alifika kwenye goti moja, akatetemeka, akatafuta kitu cha kushika, akanikuta mimi. Nilianza kumwambia mwili unahitaji muda, maneno yale ya video. Akasema kitu kwa Kizigua ambacho sitakitafsiri, kisha kwa Kiswahili akaongeza: "Mahindi yamebakiza miezi miwili. Huo muda mwingine utanipa wewe?"

Kwa aibu nikajitolea kwenda nao kisimani. Kisima kilikuwa cha pampu ya mkono, na wanawake watano sita walikuwa kwenye foleni. Bibi alipojaza ndoo yake hakuinama. Hakuna aliyemtaka ainame. Mama Rehema alishika upande mmoja wa ndoo, mwanamke mwingine akashika upande wa pili, wakainyanyua pamoja na kuiweka juu ya kata kichwani mwake. Bibi akageuka akaanza kutembea, tone halimwagiki. Tulipofika nyumbani, Mama Rehema akatua ya kwake, kisha akamtua Bibi.

Niliuliza, kwa sababu ndiyo kazi yangu. "Bibi, mara ya mwisho kujitwisha mwenyewe ilikuwa lini?"

Alifikiri. "Nilipoanza kuitwa Bibi, nani angeniacha nijitwishe?"

"Ni lini hiyo?"

"Huyu Hassani alikuwa anasoma madrasa."

Jibu la swali lake lilikuwa hapo, limekaa wazi miaka yote. Safari ya ndoo ina sehemu mbili: kutoka ardhini mpaka kichwani, na kutoka kisimani mpaka nyumbani. Ile ya pili aliifanya kila siku na miguu yake ilikuwa hodari kwa hiyo. Ile ya kwanza, ya kukunja goti mpaka chini na kurudi na mzigo, alinyang'anywa kwa heshima. Nyumbani alikaa kwenye kitanda, kwenye kiti, kwenye ukingo wa baraza. Mkwe akimtembelea akamwinamia, mjukuu akamwokotea. Na mimi, mtaalamu, nilimpelekea kifaa cha kufanyia mazoezi akiwa amelala.

Nilimwambia Mama Rehema wasimtwishe tena.

"Nini?" akasema. "Unataka watu waseme tumemsusa Bibi? Pale kisimani, mbele ya watu, tumtazame anahangaika na ndoo? Dada, wewe mjini huko mnafanyaje na wazee wenu?"

"Tunawatwisha. Ndiyo maana nao hawanyanyuki."

"Hiyo ni adabu."

"Sijasema si adabu. Nimesema inamlemaza."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Ni Bibi mwenyewe aliyekata shauri. Siku iliyofuata alikwenda kisimani na kidumu cha lita tano, akakijaza nusu, akakiinamia mbele ya wote na kukinyanyua mpaka kifuani. Mama mmoja alikimbia kumsaidia. Bibi akamwambia, "Ukinigusa, harusi ya binti yako siji." Kuanzia siku ile walimwacha, ila walikuwa wakigeuza nyuso ili wasionekane wanatazama.

Vifaa vyake vipya sikuviuza, vilikuwa nyumbani kwake. Kitanda ni kirefu kwenda juu, kiti ni kifupi kidogo, kigoda cha jikoni ni kifupi zaidi, na mbuzi ya kukunia nazi iko karibu na ardhi. Hiyo ni ngazi. Anakaa na kusimama kitandani bila mikono mara kumi, asubuhi na jioni. Ikiwa rahisi, anahamia kwenye kiti. Kwenye kila ngazi akizoea, anakumbatia kidumu chenye maji lita moja, kisha mbili. Huko ndiko kuchagua uzito: uongeze kidogo kiasi kwamba mwili usishtuke. Mnaonunua vyuma vinavyoruka kutoka kilo tano mpaka kumi, hapo katikati mtapitaje?

Nilimsimulia Fundi Athumani. "Kwa hiyo chuo kikuu na karakana vyote viwili vimekufundisha kuuza vigoda."

"Sijauza, fundi. Kigoda ni chake."

"Mbaya zaidi."

Lakini ni yeye aliyetukwamua. Kwenye mbuzi ya nazi Bibi alikwama wiki mbili bila kusimama mwenyewe hata mara moja. Mimi nilibadilisha idadi, nikabadilisha mapumziko, nikachora michoro. Siku moja Fundi alikuja nami Sindeni kufunga mlango wa mtu, akapita kumsalimu, akasimama mlangoni akitazama.

"Bibi, miguu yako iko mbele kama mtu anayeota moto," alisema. "Geti halisimami kama nguzo iko huko na mzigo uko hapa. Irudishe miguu ikae chini yako, halafu kichwa kitangulie."

Akairudisha. Akainama mbele mpaka nikadhani anaanguka. Akasimama. Alisimama pale akishangaa urefu wake mwenyewe, kisha akakaa akarudia kabla hatujampongeza.

Kutoka kwenye mbuzi mpaka ardhini palikuwa na pengo, nikaliziba kwa magunia ya katani yaliyokunjwa, sita juu ya mkeka. Kila baada ya siku kadhaa tuliondoa moja. Mahindi yakakauka. Yakavunwa. Kulikuwa kumebaki gunia moja.

Hassani alikuja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, ya kubebea kitanda na makabati. Nilikuwepo. Bibi na wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye mkeka uani wanapukuchua mahindi, na sikuona gunia lolote chini yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na gari."

"Tulikubaliana, mama."

"Tulikubaliana mambo mawili."

Hassani alinitazama kwa jicho la mtu anayejua nani kamtia mama yake maneno. Ni mwanaume mkubwa, mwenye tumbo la heshima, na msimdhanie ubaya: alikuwa anamwogopea mama yake. Alisimama mikono kiunoni akasubiri.

Bibi alifuta makapi mapajani. Akaja magotini. Akaleta mguu wa kulia mbele, akaukanyaga, akabaki hapo kwa muda uliomfanya Mama Rehema aache kupukuchua. Mkono wake ulishuka ukagusa goti lake. Kichwa kikatangulia. Akasimama.

"Umeshika goti," Hassani akasema.

"Goti ni langu. Au nalo umelinunua dukani kwako?"

Wanawake wakainamia mahindi yao.

"Mama, mara moja si ushahidi. Ukiwa peke yako je?"

Mimi nilitaka kujibu, kwa sababu lilikuwa swali zuri, la aina ninayoiheshimu. Bibi alinitangulia. Alikaa tena chini akasimama tena, na safari hii hakugusa goti. Alikuwa anahema na jasho limemtoka.

"Sasa wewe," akamwambia. "Kaa hapo mkekani, ukunje miguu, unyanyuke hujashika kitu."

"Mama, nimevaa suruali ya kutokea."

"Kaa."

Akakaa. Alijaribu mara mbili na kila mara mkono ulikimbilia ardhi wenyewe. Mara ya tatu aliviringika ubavu, na Mama Rehema akampa mkono akamvuta, kama alivyomvuta mama yake wiki zote zile. Hakuna aliyecheka mpaka Bibi alipoanza.

Kirikuu ilirudi Korogwe na magunia matano ya mahindi. Kitanda kilibaki. Mwezi uliofuata Hassani alikuja karakana akitaka benchi, nikamwambia akae chini kwanza. Aliondoka bila benchi, amenuna, na mbuzi ya nazi aliinunua sokoni mwenyewe.

Tangu hapo sikumuuzia mtu chuma kabla hajakaa sakafuni na kusimama mbele yangu. Wateja walinikasirikia. Walikuja kununua kifua, mimi nawakalisha chini kama watoto wa chekechea. Wengine walikwenda kwa mafundi wasiouliza maswali, na Fundi Athumani aliniambia wazi kwamba nafukuza watu. Niliendelea. Ninyi pia fanyeni hivyo leo, kabla ya kunitumia picha nyingine. Kaeni sakafuni. Simameni. Pale mtakapokwama ndipo mazoezi yenu yanapoanzia, na kifaa mnachokihitaji ni kile kitakachowavusha hapo, kiwe chuma, kidumu au kigoda. Atakayewaambia vinginevyo, muulizeni amejuaje.

Bibi Mwajabu aliishi kwenye nyumba yake, na mlango wake, miaka mingine saba, na alifariki kitandani kwake kwa ugonjwa ambao haukuhusu miguu. Nilikwenda kwenye hitima. Tulipokuwa tunaosha masufuria, Mama Rehema aliniambia jambo ambalo Bibi alimsimulia wiki yake ya mwisho na hakuwahi kumwambia mwanawe, wala mimi. Siku moja kabla ya kuja karakana kwetu alikuwa amekaa sakafuni chumbani mwake, mlango umefungwa komeo kwa ndani, tangu sala ya alfajiri mpaka jua la utosini, hawezi kunyanyuka. Mama Rehema alipita saa mbili na ndoo yake akapiga hodi, na Bibi akamwitikia kutoka chini kwa sauti yake ya kila siku kwamba yuko salama, anapumzika tu, atangulie kisimani.